Kuangua mayai ya bata kwa mashine na kumsaidia kifaranga aliyekwama kwa ganda: mwongozo kamili

Watu wengi huku Nakuru hununua mashine ya kuangua kwa sababu ya kuku, alafu siku moja wanapata mayai ya bata wanayatia humo humo na setingi ile ile, siku ya 21 inapita hakuna kitu, wanaona mayai yameharibika na wengine wanayatupa, kumbe kifaranga yuko hai na bado ana wiki nzima mbele yake. Na hata wale wanaongoja mpaka mwisho, wengi wanapoteza vifaranga siku ya kutoka kabisa: yai limeshatobolewa, mdomo unaonekana, mtu anaingiwa na huruma anabandua ganda na damu inaanza kutoka. Hapo ndipo nitakaa sana, maanake vifaranga wengi wanaokufia kwa ganda wangeishi kama mwenye mashine angejua saa ya kungoja ni ipi na saa ya kuingiza mkono ni ipi. Lakini tuanze na yai lenyewe, shida nyingi za siku ya mwisho zinatengenezwa wiki ya kwanza na ya pili.

Jua ni bata gani

Pekin, Khaki Campbell, Indian Runner na bata wengi wa kawaida wanachukua siku 28. Muskovi, yule mwenye nyama nyekundu usoni ambaye amejaa sana boma za Western na Nyanza, anachukua siku 35. Mchanganyiko wa hao wawili hukaa katikati. Kwa hivyo uliza aliyekuuzia mayai ni ya bata gani kabla hujalipa, na kama una ya aina zote mbili na unataka watoke pamoja, tia ya Muskovi kwanza, alafu hayo mengine uyatie wiki moja baadaye. Hesabu zote za siku nitakazotoa hapa ni za bata wa siku 28, wa Muskovi nitataja penye kuna tofauti.

Mayai ya kutia

Bata hutaga usiku na alfajiri, kwa hivyo okota asubuhi mapema kabla hawajayakanyaga na matope. Ganda la bata lina utelezi fulani juu kama nta, huo ndio unazuia bakteria kuingia, ndiyo maana sitaki uoshe mayai. Yenye uchafu kidogo sugua na kitambaa kikavu. Yenye kinyesi kimeshikana usitie kabisa, hata kama ni makubwa na mazuri, maanake yai moja likioza na kupasuka ndani ya mashine linamwagia mengine yote uchafu na utanusa hiyo harufu wiki nzima. Dawa ya kweli ni kiota kikavu: weka nyasi kavu au maranda ya mbao, ukiwa karibu na Ahero maganda ya mpunga yanapatikana bila shida, na ubadilishe mara kwa mara.

Chagua mayai ya saizi ya kawaida, yasiyo na ufa, yasiyo marefu ajabu. Yaweke mahali pa baridi kiasi, karibu nyuzi 13 mpaka 16, ncha nyembamba ikiangalia chini, na usiyaweke zaidi ya siku 7, baada ya hapo yanaanza kupoteza nguvu. Friji ya jikoni ni baridi sana. Kama yamesafiri kwa matatu, tuseme kutoka Kisumu mpaka Nakuru, yaache yatulie kwa trei siku nzima kabla ya kutia mashine, ncha nyembamba chini, maanake kutikisika kunalegeza chumba cha hewa kilicho upande ule mpana. Na hakikisha kulikuwa na dume wa kutosha, dume mmoja kwa majike watano hivi ni sawa.

Mashine, joto na unyevu

Mashine yenye feni weka nyuzi 37.5. Mashine isiyo na feni, pima usawa wa juu ya yai na uweke kama 38.3 mpaka 38.6, kwa sababu hewa ya moto inakaa juu na ya chini ni baridi zaidi. Iwashe siku nzima kabla ya kutia mayai uone kama inashikilia joto.

Usiamini namba za kioo cha mashine hivi hivi. Chukua thermomita ya kupima homa, iweke pamoja na yako kwa maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 au 38 (kama yako ni ile isiyopenda maji funga sensa kwa plastiki), linganisha. Nusu nyuzi tu kila siku kwa siku 28 inabadilisha kila kitu: joto likizidi vifaranga hutoka mapema na kitovu kibichi, likipungua wanachelewa na kutoka wanyonge. Kipimo cha unyevu nacho kipime kwa chumvi, weka chumvi kwa kifuniko cha soda, tia matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito, ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa usiku kucha, asubuhi kisome 75%. Kikisoma 70, ujue siku zote unaongeza 5.

Unyevu wenyewe: karibu 50 mpaka 55% tangu mwanzo mpaka siku ya 25, alafu 65 mpaka 75% siku za mwisho. Kinachopandisha unyevu ni upana wa maji, si kina chake, bakuli refu lililojaa halishindi sahani pana yenye maji kidogo. Na hapa mahali unaishi panahesabika. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na Januari na Februari hewa ni kavu sana, yai linapoteza maji haraka kwa sababu huku juu hewa ni nyepesi. Kisumu uko mita 1,130 na ziwa liko hapo, mara nyingi unaweza kutia maji kidogo sana na bado unyevu uko juu. Kwa hivyo mtu wa Kondele huko Kisumu akikuambia yeye hatii maji kabisa wiki mbili za kwanza usimwige kama uko Njoro hapa Nakuru.

Njia ya uhakika ni mizani ya jikoni. Yai linafaa kupoteza karibu 12 mpaka 14% ya uzito wake kabla kifaranga hajaanza kutoboa. Tuseme yai lilikuwa gramu 80 siku ya kwanza, siku ya 14 liwe limepoteza gramu 5 au 6, siku ya 25 liwe limepoteza kama 10 au 11. Likipoteza kidogo, punguza maji. Likipoteza sana, ongeza. Andika uzito kwa ganda na penseli, usitumie kalamu ya wino. Mimi ningeambia kila mtu anunue mizani kabla ya kununua kitu kingine chochote, maanake kifaranga aliyelelewa kwa yai lenye maji mengi anakuja kuvimba akikosa nafasi ya kugeuka, na yule wa yai kavu utando unamshika kama plastiki. Wote wawili utawakuta siku ya 28 ukidhani ni bahati mbaya.

Siku 1 mpaka 25

Kama unageuza kwa mkono, geuza mara 3 au 5 kwa siku, namba isiyogawanyika kwa mbili ili upande wa usiku ubadilike kila siku. Chora X upande mmoja na O upande mwingine. Usizungushe kuelekea upande mmoja kila mara, leo kulia, mara ingine kushoto. Wiki ya kwanza ndiyo usiache hata siku moja, kiini kikishikana na ganda hakuna kurudi.

Kuanzia siku ya 8 hivi mpaka 24, mara moja kwa siku fungua mashine uache mayai yapoe dakika 5 mpaka 10, alafu yapulizie maji ya vuguvugu kidogo na ufunge. Bata mama mwenyewe huondoka kwa kiota kwenda kula na kuoga, anarudi na manyoya mabichi. Wengine wanaacha hatua hii na bado wanapata vifaranga, lakini mimi naipenda, hasa kwa Muskovi.

Mulika siku ya 7 gizani kwa tochi ya simu, uweke upande mpana. Yai lililo hai lina mishipa kama mizizi na kidoa cheusi kinachocheza. Lililo wazi kabisa halikupandwa. Lenye duara jekundu la damu lilianza likafa. Toa hayo mawili. Mulika tena siku ya 14 na siku ya 25, na kila mara chora kwa penseli mahali chumba cha hewa kimefika, kinafaa kukua kila wiki. Yai lolote linalonuka ama linalotoa majimaji ama jasho la rangi, litoe nje polepole bila kulitikisa.

Stima ikipotea, na huku kwetu itapotea, usifungue fungue. Funika mashine na blanketi ukiacha matundu ya hewa, na kama inazidi saa moja weka ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa. Mayai yanavumilia baridi ya masaa machache, hasa wiki ya pili na ya tatu, kitu hayavumilii ni joto kupita kiasi, kwa hivyo angalia thermomita usiyachome ukijaribu kuyaokoa. Na tafadhali usilete jiko la makaa kwa chumba kilichofungwa, ile hewa inaua vifaranga ndani ya mayai na inaua watu waliolala nyumba hiyo.

Siku ya 25: kufunga mashine

Siku ya 25 (Muskovi siku ya 31 au 32) acha kugeuza. Laza mayai ubavu juu ya kitu kisichoteleza, kitambaa cha kukwaruza au neti ya mpira, pandisha unyevu, fungua matundu ya hewa zaidi kwa sababu sasa wanataka kupumua, na ufunge. Kuanzia hapa kila ukifungua unyevu unatoka wote na utando wa wale walioanza kutoboa unakauka. Kama lazima ufungue, kuwe na kikombe cha maji ya moto karibu, ufanye haraka, ufunge.

Sasa elewa kinachoendelea ndani, maanake bila hii utaingiza mkono mapema. Kwanza chumba cha hewa kinashuka upande mmoja, ukimulika unaona kimeinama. Alafu kifaranga anatoboa utando wa ndani na mdomo unaingia kwenye hicho chumba cha hewa, utaona kivuli kinachezacheza na ukiweka yai sikioni unasikia analia au kugonga. Hapo ndio anaanza kutumia mapafu. Kati ya masaa 12 na 24 baadaye, saa ingine zaidi, anatoboa ganda la nje, unaona ufa au kidonda kidogo. Baada ya hapo anapumzika. Hii ndio inatesa watu: bata anaweza kukaa masaa 24 mpaka 48 na hilo tundu moja bila kuongeza kitu. Kuku angekuwa ameshatoka. Lakini yeye wakati huo anavuta kiini kiingie tumboni na damu iliyo kwenye mishipa ya utando inarudi mwilini mwake. Ukimtoa saa hiyo unamkatia mishipa ikiwa imejaa damu na kiini kiko nje. Mwisho anaanza kuzunguka akikata ganda duara, na hiyo kazi kwa kawaida inaisha kwa masaa machache tu.

Saa ya kusaidia

Andika saa. Andika kwa ganda lenyewe saa ya kivuli na saa ya tundu, kwa sababu ukiwa na wasiwasi masaa matano yanakaa kama siku mbili.

Kuna hali chache zenye naweza kusema ingia. Ya kwanza, ametoboa utando wa ndani na masaa 24 yamepita hakuna tundu nje: huyo anahitaji tundu la hewa. Ya pili, ametoboa ganda na masaa 48 yamepita hajaendelea. Ya tatu, alianza kuzunguka, akasimama nusu, utando umekauka rangi ya kahawia kama karatasi na masaa 6 mpaka 12 yamepita. Ya nne, ametoboa upande ule mwembamba, ambapo hakuna chumba cha hewa. Huyo wa nne mtazame kwa karibu lakini usimharakishe, wengi wa upande huo huchelewa zaidi kumaliza damu kwa utando, kazi yako ni kuhakikisha pua iko wazi tu. Kama tundu liko sawa, analia ukimwita, utando ni mweupe na bichi, mwache.

Tundu la hewa linatengenezwa hivi. Mulika, chora kwa penseli mahali chumba cha hewa kinaanzia na mahali mdomo uko. Chukua msumari au ncha ya skrubu uliyochemsha, iweke juu ya chumba cha hewa, zungusha taratibu kwa vidole bila kugonga mpaka ganda litoboke, tundu dogo kama ncha ya biro. Usiende ndani. Rudisha mashine, na sasa anza kuhesabu upya kana kwamba ametoboa mwenyewe.

Kumtoa sasa. Nawa mikono, funga dirisha, chumba kiwe na joto. Uwe na maji yaliyochemshwa yakabaki vuguvugu, pamba za masikio, kibano chenye ncha butu, taa nzuri, taulo lenye joto. Kazi isizidi dakika 10 kwa mara moja, alafu yai linarudi ndani.

Anza na upande wa chumba cha hewa, kwa lile tundu, vunja ganda kidogo kidogo ukifuata mstari wa penseli, ubakishe utando mahali pake. Utaona karatasi mbili: ya nje nyeupe kavu ambayo unaweza kutoa, na ya ndani iliyomshika kifaranga. Chovya pamba kwa maji, ama mafuta ya nazi kidogo, upake ule utando wa ndani mbali na pua. Ukilowa unakuwa kama kioo na kila kitu kinaonekana. Ukiona mishipa myekundu imejaa, simama hapo hapo. Hata kama ni mmoja. Lainisha utando, rudisha yai mashine, njoo baada ya masaa 4 mpaka 6. Ukiona mishipa imekuwa mistari membamba iliyofifia isiyo na damu, unaweza kuendelea.

Kuna alama nyingine naitegemea kuliko saa. Mtazame mdomo. Kama anafungua na kufunga kama anayetafuna au kupiga miayo, bado anavuta kiini. Mwache, hata kama ni saa sita usiku na umechoka. Akiacha kutafuna na kuanza kusukuma kwa miguu na shingo, yuko tayari.

Mishipa ikishakauka, sogeza utando kutoka mdomoni kuelekea nyuma ya kichwa, toa kichwa kilicho chini ya bawa kama bado kimekwama hapo, alafu basi. Nusu ya chini ya ganda usiguse. Huko ndiko kitovu kiko, na kama kuna kiini kidogo kimebaki bado ndiko kiko. Mlaze kwa mashine akiwa amevaa hilo ganda kama suruali, asukume mwenyewe, mara nyingi anatoka kwa masaa machache. Akiwa amekauka na ganda limeshikana na manyoya, lainisha na maji vuguvugu, usivute.

Damu ikitoka, bonyeza na pamba safi bila kuachilia kwa dakika moja au mbili, ikikauka mrudishe na usimguse mpaka masaa yapite. Kiini kikiwa nje ya tumbo, mweke kwa kikombe kidogo chenye tishu bichi safi ili asitambae, mashine iwe na unyevu, mara nyingi kinaendelea kuingia. Usikate wala kuvuta chochote kwenye kitovu.

Utapoteza wengine hata ukifanya yote sawa. Kuna waliokaa vibaya ndani tangu mwanzo na kuna wale viungo havikufunga.

Baada ya kutoka

Waache ndani mpaka wakauke wawe na manyoya ya kupeperuka, hata masaa 24, hawana njaa kwa sababu kiini kiko tumboni. Kitovu kikiwa bado kibichi paka iodini ya jeraha iliyopunguzwa na maji. Alafu wahamishie kwa boksi lenye joto la nyuzi 32 mpaka 35 wiki ya kwanza, ukipunguza nyuzi 3 kila wiki, wakirundikana pamoja ni baridi, wakikaa mbali na bulbu wakihema ni moto. Usiku wa Nakuru mwezi wa saba haubembelezi, usiwazimie taa kwa sababu mchana kulikuwa na jua.

Chini usiweke gazeti, linateleza na miguu inatanuka. Ikishatanuka, mfunge miguu yote miwili kwa kipande cha plasta laini ikiwa na upana wa kawaida wa kusimama, siku 2 au 3, inarudi.

Maji yawe na kina cha kuzamisha pua lakini si mwili, tia mawe ndani ya sahani. Kuogelea bado, kifaranga wa mashine hana mafuta ya mama kwenye manyoya, analowa na kufa baridi. Chakula ni unga wa vifaranga wa kuku usio na dawa, wenye protini karibu 20%, lakini bata anahitaji naiasini, ile vitamini B3, nyingi zaidi ya kuku, na akikosa magoti yanavimba na miguu inapinda. Tia hamira ya pombe kwa chakula, ama uliza agroveti vitamini za B za kutia kwa maji, na ukiona kifaranga amekaa kitako kila mara badala ya kutembea na wenzake anza siku hiyo hiyo.